Upanga Uliokatikia Mtaa wa Sikukuu

Vitalis Chikoti ni fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani, kwenye karakana zilizopakana na reli. Kwao ni Ndanda, kusini. Alikuja mjini akiwa kijana, akawa anashinda kwa mafundi wenye mashine zao mpaka akapata ya kwake. Ni mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, na mageti yake hayalegei. Mkewe, Ritha, huuza chai na vitumbua Ilala Bungoni, jirani na nyumba waliyopanga.

Upanga uliingia katika nyumba hiyo baba yake Vitalis alipofariki. Babu yake, mzee Chikoti mwenyewe, alikuwa mpagazi katika vita ya Mjerumani na Mwingereza. Alimbebea mizigo afisa mmoja wa Kiingereza wa kikosi cha wapanda farasi. Kufika kusini farasi wote walikuwa wamekwisha kufa kwa mbung'o, kwa hiyo afisa yule alitembea kwa miguu kama wapagazi wake, upanga wa farasi ukimgonga paja, mpaka homa ikamlaza naye. Walimzika kando ya njia. Hakuna aliyeuulizia upanga, na babu akarudi nao nyumbani. Ndivyo alivyosimulia, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Haukuwa kama panga la kufyekea. Ulikuwa mwembamba, umenyooka kama mshikaki, mrefu kama mguu wa mtu mzima, uliotengenezwa kwa ajili ya kudungia na si kukatia. Mpini wake ulifunikwa na bakuli la chuma la kulinda mkono, nalo lilichorwa maua yanayojikunjakunja. Baba yake Vitalis aliupaka mafuta ya nazi kila mwaka kabla ya mvua. Vitalis hakuupaka chochote. Aliupandisha darini akausahau, na dari lilivuja. Ala yake, ubao uliovikwa ngozi, ililiwa na mchwa. Ngozi ya samaki iliyozungushiwa mpini ilibanduka, na uzi wa fedha uliokuwa umeifunga ukabaki unaning'inia. Bapa liliota madoa meusi. Lakini pabaya zaidi palikuwa pale shingoni, bapa linapoingia katika bakuli. Hapo kutu ilikuwa imevimba, inatoka kwa magamba.

Ritha hakuupenda tangu siku ya kwanza. "Kitu cha maiti hicho," alikuwa akisema. "Kipeleke kwenu."

Haja ya kuupeleka ikaja yenyewe. Baba mdogo wa Vitalis alipiga simu kutoka Ndanda kwamba Krismasi ukoo mzima utakutana, na wazee wanataka kuuona upanga wa Chikoti. Vitalis aliushusha darini, akaugeuzageuza juani, akaona aibu. Angeweza kuupitisha kwenye grenda, lakini alijua grenda ingekula chuma pamoja na kutu. Akaambiwa huko Mchafukoge kuna mzee aitwaye Bushiri, anayetengeneza vitu vya kale: mabuli ya shaba, kufuli za makasha, saa za ukutani. Jumamosi asubuhi akaufunga upanga katika kiroba cha mchele, akaukaza kwa vipande vya mpira wa tyubu, akautia kwapani na kuondoka kwa miguu. Njia yake ilikatiza Kariakoo.

Sasa, katika Mtaa wa Sikukuu kulikuwa na duka la vyombo la jumla la mtu aitwaye Elimringi, Mchaga wa Machame, na mkewe Candida. Wiki chache kabla ya Jumamosi hiyo, wakati wanafunga duka, waliingia wanaume watatu na mapanga. Allan, mdogo wake Elimringi aliyekuwa akiuza nao, alisimama mlangoni na kugoma kuwapisha. Walimkata shingoni, na alipoanguka wakamkata tena mgongoni. Candida aliinua mikono kujikinga, panga likamchana mkono wa kulia, na la pili likamshukia shavuni mpaka kidevuni. Elimringi alikuwa stoo ghorofani. Alipofika chini alikuta mdogo wake amelala juu ya masufuria yaliyomwagika na damu inatambaa kuelekea barabarani. Walimsafirisha Allan kwenda kuzikwa Machame, na Elimringi akarudi akiwa mtu mwingine. Hakula vizuri. Alikaa mlangoni mwa duka na kipande cha nondo chini ya kiti, akiangalia mikono ya kila mpita njia.

Siku ile Vitalis alipoingia Mtaa wa Sikukuu palikuwa pamejaa. Watu walisukumana, wabeba mizigo walipiga miluzi ya kuomba kupishwa, na mkokoteni mmoja ukambana ukutani. Ncha ya upanga ikatoboa kiroba, naye hakujua. Alipojivuta kutoka pale, ikamchana mguu mama mmoja aliyekuwa anachagua beseni.

"Kaka, umenichana," alisema yule mama. Akainama kujitazama, akaona damu, akafuata damu kwa macho mpaka kwenye chuma. Akarudi nyuma. "Huyu ana panga."

"Samahani, mama," alisema Vitalis. "Ni upanga wa babu yangu. Naupeleka kwa fundi."

Lakini waliokuwa nyuma hawakusikia habari ya babu wala ya fundi. Walisikia panga. Mtu akauliza kama ni mmoja wa wale waliomuua Allan. Mwingine akalichukua swali na kulipeleka mbele bila kuuliza. Lilipofika mlangoni kwa Elimringi halikuwa swali tena.

Elimringi alitoka. Alimtazama yule mtu mkubwa aliyebanwa ukutani na kiroba kilichochanika mkononi, akauliza, "Ndiye?"

Sauti ikajibu, "Ndiye." Mwenye sauti hiyo hajapatikana mpaka leo.

Aliyeanza hakuwa Elimringi. Mtu alimpiga Vitalis kwa ubao nyuma ya magoti akaenda chini, na alipojaribu kuinuka teke likamkuta mbavuni. Halafu yakaja mengi, ya viatu na ya ndala, na ngumi, na jiwe lililomgonga mdomoni. Alipiga kelele kwamba yeye ni fundi, anafanya kazi Gerezani, waende wakaulize. Maneno yalitoka na damu, hayakueleweka. Alisikia mtu anaomba petroli kwa dereva wa bodaboda, na dereva akimjibu asubiri afungue tanki.

Kiroba kiling'olewa mkononi mwake, upanga ukatoka wote. Kuuona mzima, mrefu vile, kuliwafanya waliosita wasisite tena. Elimringi aliuchukua. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, na watu wakampa nafasi.

Pigo la kwanza Vitalis alilipokea kwa mkono wa kushoto. Makali yalikuwa butu, hayakukata sana. Yalivunja. Aliusikia mfupa kabla ya maumivu. Pigo la pili lilitua begani, likampindua kifudifudi, shavu likalala kwenye ukingo wa mtaro. Aliona maji meusi na ganda la muwa. Anasema wakati huo hakufikiri juu ya Mungu wala juu ya watoto. Alifikiri kwamba Ritha atakuja kuambiwa mume wake alikuwa mwizi, na hatakuwapo wa kumkanushia.

Pigo la tatu Elimringi alililenga shingo. Upanga ulimteleza ubavuni mwa kichwa, ukamchana sikio katikati, ukagonga zege la mtaro, na hapohapo ukakatika pale shingoni, kwenye kutu. Bapa liliruka na kudunda barabarani, watu wakalikwepa. Elimringi alibaki na mpini. Hakusimama. Alipiga magoti akaanza kumpiga Vitalis usoni kwa lile bakuli la chuma, huku akiita jina la Allan, na meno mawili yakatoka.

Candida alitokea dukani wakati huo. Alikuwa bado na bendeji mkononi na nyuzi usoni. Alipita katikati ya watu, na waliomfahamu wakampisha. Akamshika mumewe kifundo cha mkono kwa mkono wake usio na jeraha.

"Siye," alisema.

"Mama Stella, niachie."

"Mimi ndiye niliyekatwa. Sura zao nilizitazama. Siye, Baba Stella. Huyu simjui."

Elimringi alijaribu kuuchomoa mkono, naye hakuuachia. Ilikuwa hivyo kwa muda, mume na mke wanavutana mpini wa upanga juu ya mtu aliyelala. Kisha Elimringi akamtazama Vitalis usoni, pengine kwa mara ya kwanza, na vidole vyake vikafunguka. Candida aliketi chini, akafungua khanga yake ya juu, akambana nayo Vitalis sikioni na kumgeuza asinywe damu yake. Yule wa petroli akaiweka chupa chini ya meza ya mtu na kuondoka. Wengine wakaanza kuuliza bei za vyombo.

Polisi walipofika walichukua vipande vyote viwili vya upanga, wakamchukua na Vitalis. Hospitalini alikaa sana. Mkono ulifungwa chuma ndani na hogo la plasta nje. Sikio lilishonwa, likabaki na pengo. Ritha alipoletwa wodini alipita kitanda chake bila kumtambua, ikabidi Vitalis amwite kwa mkono.

Upelelezi ulikuwa mfupi, kwa sababu hapakuwa na aliyeona. Mama wa beseni hakujulikana alikotokea. Wenye meza walisema walikuwa wameinama wanapanga bidhaa. Mwenye duka la jirani alisema siku ile hakufungua, ingawa mpelelezi alikumbuka kumwona pale. Mtaa mzima ulikuwa umeangalia pembeni. Basi Candida akaenda kituoni mwenyewe, akaomba kukaa, akasema, "Aliyempiga kwa upanga ni mume wangu. Anaitwa Elimringi. Nilimshika mkono akiwa anapiga."

Askari aliweka kalamu chini. "Mama, unajua unachokisema?"

"Najua. Andika."

Elimringi alikamatwa, akapewa dhamana. Vitalis alikuwa amesharudi nyumbani Elimringi alipomjia Bungoni, akifuatana na kaka yake mkubwa na mzee mmoja wa kanisa. Ritha hakutaka waingie. Vitalis alimwambia awaache. Waliketi, wakakataa chai. Mzee wa kanisa alisema maneno ya msamaha, ya namna shetani anavyoingia kati ya watu wema. Vitalis alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtazama.

Kisha Elimringi akasema mwenyewe. "Kaka, nimekuja na aibu yangu. Mimi sikukuona wewe pale chini. Nilimwona aliyemuua mdogo wangu."

"Nilisema ni wa babu yangu," Vitalis alijibu. Meno yaliyokosekana yalimfanya aseme polepole. "Nilisema mimi ni fundi. Nilisema mkaulize Gerezani."

"Sikusikia."

"Ulikuwa umesimama karibu kama hivi ulivyokaa."

Elimringi aliinamisha kichwa. "Nilisikia," alisema.

Vitalis aliinuka akampiga. Alimpiga kwa mkono ule ule uliofungwa hogo, kwa sababu ndio uliokuwa upande aliokaa mgeni, na pua ya Elimringi ikapasuka. Akampiga tena, na tena, hogo likafanya ufa na kumwaga unga mweupe, na damu ikachanganyika na ule unga kwenye shati la mgeni. Kaka yake Elimringi aliruka kumshika Vitalis. Elimringi, mikono yake imelala magotini, akasema, "Mwache." Ritha ndiye aliyewatenganisha. Alimkumbatia mumewe kiunoni kwa nyuma na kumvuta mpaka wakaanguka wote wawili kitandani.

Vitalis anasema alitegemea kitu kitashuka moyoni, na hakikushuka. Alibaki na ladha ya chuma mdomoni tu. Usiku mkono ulivimba. Hospitali ilibidi wampasue upya, chuma kilikuwa kimehama, na vidole viwili vya mwisho havikurudi tena kufanya kazi. Watu wakimuuliza habari ya vidole hivyo huwaeleza kwamba si vya upanga. Hivyo aliviharibu mwenyewe.

Kwa Candida mambo yalikuwa mabaya zaidi, na hakuna aliyemwonea huruma. Ndugu wa mumewe walisema amemzika Allan mara ya pili. Walichukua funguo za duka. Alipoenda kudai vyombo vyake, shemeji yake, yule kaka mkubwa aliyekwenda Bungoni kuomba msamaha, alimzaba kofi mbele ya wateja, upande wa kovu, mpaka jeraha likafunguka. Alihama na binti yake Stella, akapanga chumba Magomeni, akaanza kutandika vyombo vya plastiki chini, pembezoni mwa Mtaa wa Mchikichi, kama alivyoanza maisha kabla ya kuolewa.

Ritha alipata habari hizo kwa wateja wake. Alikuwa bado na hasira na kila mtu aliyeitwa kwa jina la nyumba ya Elimringi, lakini siku moja alibeba chupa ya chai na vitumbua, akaenda Mchikichi. Alimkuta Candida anapambana kulinganisha vifuniko na madumu yake kwa mkono mmoja.

"Mimi ni mke wa Vitalis," alisema.

"Nakujua. Karibu, dada."

Walikunywa chai wakiwa wamekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Ritha hakuwa mtu wa kuzunguka. "Kwa nini ulisema? Usingesema, wanaume wetu wangekubaliana mambo yakaisha. Ungekuwa dukani kwako."

Candida alikiweka kikombe chini. "Allan alikufa nikimwangalia," alisema. "Wale waliomuua nao wana mama zao, wana wake zao. Kuna mwanamke mahali fulani hapa mjini alifua shati lenye damu ya Allan na akajua. Kila siku namngoja aende kituoni. Sasa mimi ningenyamaza, ningemngojaje?"

Ritha alirudi nyumbani akamsimulia mumewe maneno hayo. Kesho yake Vitalis alipeleka Mchikichi meza ya chuma aliyoiunga kwa mkono mmoja na kwa kusaidiwa na jirani, ili yule mama asitandike chini. Mishono yake ya kuchomelea haikuwa mizuri. Alijua na haikumfurahisha.

Kesi iliposikilizwa Elimringi hakujitetea sana. Bapa na mpini vililetwa mahakamani na vibandiko vya polisi, na hakimu aliomba kuvishika. Alitazama maua kwenye bakuli, akatazama madoa yaliyokaukia ndani ya maua hayo, akavirudisha. Candida alitoa ushahidi kwa sauti ya kawaida. Aliulizwa na wakili kama ana ugomvi na mumewe. Alisema hana. Aliulizwa kama bado anampenda. Alisema hilo hajaja kulisema pale. Elimringi alihukumiwa kifungo cha kumdhuru mtu mwili. Akipitishwa na askari alisimama mbele ya mkewe, akamwambia jambo kwa Kimachame, maneno machache tu. Candida aliitikia kwa kichwa. Ndugu wote wa mumewe walitoka kwa kupitia upande wa pili wa chumba, na benchi lake likabaki na yeye peke yake, mpaka Ritha alipohama kutoka kwa mumewe na kwenda kukaa naye.

Upanga ulirudishwa kwa mwenyewe, na Vitalis akaufikisha hatimaye kwa Bushiri, Mchafukoge. Mzee aliviweka vipande juu ya gazeti, akavaa miwani, akapitisha kucha pale palipokatikia.

"Kutu hii ya miaka," alisema. "Maji yaliingia chini ya bakuli yakakaa. Chuma kilichobaki kizima ni hiki kidogo, kinachong'aa. Mlikuwa mnaupaka mafuta?"

"Baba alikuwa anaupaka. Mimi niliacha."

Bushiri alimtazama sikio. Habari alikuwa nayo, Mchafukoge na Kariakoo ni pua na mdomo. "Bora uliacha," alisema, kisha akauliza kama auunge.

"Usiuunge. Ondoa damu tu."

Mzee aliviloweka katika mafuta ya taa, akavisugua kwa majivu laini. Maua yakaonekana vizuri, na chini yake taji. Ngozi ya samaki haikuwa na la kufanyika. Hakuibandika nyingine.

Krismasi ya mwaka uliofuata, ukoo ulipokutana tena, Vitalis alikwenda nao Ndanda hivyohivyo, vipande viwili katika khanga ya Ritha. Baba mdogo alivipokea ukumbini mbele ya wazee, akavigeuza, akanung'unika kwamba marehemu kaka yake asingekubali kitu cha ukoo kiharibike namna hii, kwamba watoto wa mjini hawajui kutunza. Vitalis alimwacha aseme. Ndipo mke wa baba mdogo, ambaye alikuwa amekaa akimwangalia Vitalis anavyoshika kikombe kwa vidole vitatu, akasema, "Mzee, mwache mtoto ale."

Vipande vilibaki Ndanda. Vitalis alirudi Gerezani. Anafanya kazi bado, mageti na madirisha, ila mashine ameihamisha, imekaa sasa kwenye kona, na yeye huchomelea mgongo umegusa ukuta. Mteja akimjia kwa nyuma hushtuka na kuzima moto. Mtaa wa Sikukuu hapiti. Anayemhitaji huko humfuata mwenyewe.

Waliomuua Allan hawajakamatwa. Candida bado yuko Mchikichi, na siku za kutembelea wafungwa huenda na Stella kumwona mumewe. Elimringi atatoka siku moja. Ritha aliwahi kumuuliza Vitalis atafanyaje siku hiyo wakikutana njiani. Vitalis alisema hajui, akamwomba amshikie upande wa pili wa chuma ili amalize kazi kabla umeme haujakatika.